Nakala ya Pili Ina Miguu

Jumanne, tarehe kumi na moja mwezi wa tatu, kabla ya saa sita mchana, sauti ya mama yangu ilifutwa. Hakukuwa na nyingine. Aliyeifuta ni mimi, kwa kidole changu, nikiwa kazini, na aliyenipa kazi hiyo ni mtu niliyemheshimu kuliko wakubwa wote niliowahi kuwa chini yao. Miezi mitano baadaye naye akafa. Kwa hiyo nina misiba miwili ambayo siwezi kuitenganisha. Nikianza kulilia mmoja, najikuta nimeingia kwenye mwingine.

Siku tuliyomzika, Thika, mjumbe wa chuo alisoma karatasi ndefu ya shahada na vyeo. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na lori lililoleta viti na hema, nikasikiliza mpaka mwisho, na sikumsikia mtu ninayemjua. Ndiyo sababu naandika. Shule niliacha kidato cha pili. Nitaandika nilichoona, na pale ambapo sikuelewa nitasema sikuelewa.

Tulimwita Mwalimu. Pale chuoni walimu ni wengi, na wengi wao hutaka kuitwa Daktari au Profesa. Yeye pia alikuwa na haki hiyo. Lakini ukisema "Mwalimu" bila kuongeza jina, askari wa geti, wapishi wa kantini na mkuu wa idara wote walijua ni nani. Alifundisha nyimbo za kazi, zile watu wanazoimba wakilima, wakichuma kahawa, wakipepeta maharagwe. Asipokuwepo, wanafunzi walimwita Mama Ruhusa. Alijua, na nadhani lilimfurahisha kidogo.

Mimi nilikuwa, na bado ni, fundi wa vyombo vya darasani: projekta, spika, maikrofoni na nyaya zake. Chuo kiko upande wa Ruiru, na mimi nakaa Witeithie. Nilimtumikia miaka kumi na miwili.

Siku ya kwanza aliniomba nimtafutie filamu moja fupi ya wachuma chai. Nilikuwa mgeni, nataka kupendwa. Nikaitafuta, nikaishusha yote, nikampelekea ikiwa ndani ya flash.

"Hii umeitoa wapi, Fundi?"

"Kwa mtandao, Mwalimu."

"Mtandao ni shamba la nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nakuuliza. Ukipita ukute mahindi kwa shamba, uvunje, utafika nyumbani useme umeyatoa kwa njia?"

Nilisema hapana. Akaniambia niifute, na baada ya wiki mbili akaja na filamu ileile kwenye diski aliyoiagiza mwenyewe. Kisha akanikalisha, akanieleza jambo ambalo nilidhani nimelielewa.

"Darasani ni sebuleni," alisema. "Mtandaoni ni barabarani."

Maana yake ilikuwa hivi. Mtu anapofundisha, mlango ukiwa umefungwa na wanafunzi wake wakiwa mbele yake, sheria ya hakimiliki humpa nafasi. Anaweza kuonyesha kipande cha filamu, kucheza wimbo, kuonyesha picha, mradi achukue kiasi anachohitaji kwa somo na ataje mwenyewe ni nani. Lakini kitu hichohicho akikitoa nje na kukiweka mahali ambapo yeyote anaweza kukichukua, huko si kufundisha tena, amekiweka barabarani. Huko barabarani lazima umuulize mwenyewe.

Hapo sikuwa na shida. Kuchanganyikiwa kulikuja baadaye.

Alikuwa na desturi ambazo wanafunzi walizichekea miaka yote. Kabla sijabonyeza chochote, alisoma majina. Nani aliimba, nani alirekodi, nani alipiga picha, mahali gani. Asipojua jina alisema "mtu ambaye hatumjui, na ni makosa yetu." Mwanafunzi mmoja aliwahi kufumba macho na kukunja mikono wakati wa kusoma majina.

"Unafanya nini huko nyuma?"

"Nilidhani tunaombea chakula, Mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akangoja wanyamaze. "Ni sawa," akasema. "Aliyepika yuko kwa hiyo orodha. Sema amina."

Tena hakuwahi kuonyesha filamu mpaka mwisho. Alichukua kile kipande cha somo, akainua mkono, na mimi nikasimamisha. Kilio kilikuwa kilekile kila muhula. Kulikuwa na kijana mrefu kutoka upande wa Kakamega, mbishi sana, ambaye siku moja alisimama wima.

"Lakini Mwalimu, si sheria inakubali darasani?"

"Inakubali kiasi unachohitaji. Wewe unahitaji mwisho kwa nini?"

"Nijue kama yule jamaa alikufa."

"Alikufa," Mwalimu akasema. "Fundi, zima."

Barua zake nazo zilikuwa kitu cha ajabu. Aliandikia kila mtu. Aliandikia kampuni za ng'ambo ambazo hazikumjibu, akaziandikia tena. Kulikuwa na picha moja aliyoipenda ya wanawake wakichuma mananasi, migongo yao yote imeinama upande mmoja. Aliyeipiga alikuwa na kastudio hapo Thika, karibu na stendi. Mwalimu angeweza kumfikia kwa miguu kutoka nyumbani kwake, lakini alimwandikia barua ya ukurasa mzima, yenye anwani juu na sahihi chini. Baada ya siku chache yule mpiga picha akatokea chuoni akiwa na suti.

"Nimekuja kuona ni nani ameniandikia," alisema. "Hiyo picha iko kwa kalenda, iko kwa ukuta wa hoteli, iko mpaka kwa mfuko wa mbolea. Hakuna mtu amewahi kuniuliza."

"Sasa unakubali?" Mwalimu akauliza.

"Kukubali si shida. Nataka kujua kama ile barua naweza kuiweka kwa fremu."

Nilikuwepo. Mwalimu alitafuta kitambaa ndani ya mkoba wake, akasema macho yanamwasha kwa sababu ya vumbi la chaki. Hatukuwa na chaki katika jengo lile tangu mimi nianze kazi.

Sitaki mtu adhani alikuwa malaika. Mtu huyohuyo aliyeandika barua kwa ajili ya picha alikuwa mwizi wa maua. Nasema mwizi kwa sababu sina neno jingine. Hakuweza kupita kwenye ua wa mtu bila kuvunja kitawi. Aliingiza mkono kwenye wigo, tak, kitawi kikaingia kwenye mkoba, akaendelea kutembea na uso wa mtu anayetoka kanisani. Siku moja tulienda pamoja kwenye ofisi moja mjini Ruiru kupeleka barua, na wakati wa kutoka alivunja kipande cha waridi mbele ya bango lililosema usiguse maua.

"Mwalimu!" nikasema.

"Nini?"

"Si tungeuliza mwenyewe?"

"Aca, hapana. Mmea unajitoa nakala wenyewe. Huo hauibiwi, unasaidiwa."

Nililifikiria neno hilo wiki nzima. Hata sasa sioni tofauti ya nakala ya ua na nakala ya wimbo. Nikisema kuchukua huku ni halali na kule ni wizi, nashindwa kueleza kwa nini. Nyumba yake ilizungukwa na maua ya watu.

Neno alilolirudia kuliko yote lilikuwa hili: nakala ya pili ina miguu. Halikuwa la mzaha. Alipokuwa msichana wa chuo alizunguka upande wa Ngoliba na kinasa sauti cha kanda, akirekodi wazee na akina mama wakiimba. Mwanafunzi mwenzake akamwomba kanda moja aisikilize, naye akampa nakala. Baada ya muda, wimbo wa mzee mmoja ukasikika kwenye redio, ukitangaza dawa ya mbu. Mzee aliusikia akiwa dukani ananunua chumvi. Akatafuta nauli, akamtafuta Mwalimu mpaka akampata, akamwambia: "Binti yangu, mimi nilikuimbia wewe. Huyu wa redio ni nani?"

Mwalimu alinisimulia hayo mara tatu kwa miaka kumi na miwili, na mara zote tatu aliishia hapo. Hakuwahi kuniambia alimjibu nini.

Tangu hapo kila kitu alikuwa na nakala yake moja tu. Kila mwimbaji aliweka dole gumba kwenye karatasi ya ruhusa, na kanda iliandikwa nambari badala ya jina, kwa sababu nyimbo nyingine ziliwasema vibaya wanyapara na waimbaji waliogopa. Mwimbaji wa kwanza, wa pili, hivyohivyo hadi wa kumi na mbili. Majina yalikuwa kwenye zile karatasi tu.

Halafu mvua ya masika ikaingia stoo. Bomba la paa liliziba, maji yakashuka ukutani wikendi nzima, na Jumatatu tulikuta faili la ruhusa za Ngoliba limekuwa uji. Nilizianika karatasi juani, zikakauka zikiwa nyeupe na za bluu kama ramani, hakuna neno la kusomeka. Kanda niliziokoa kwa shida. Nilizicheza moja moja huku kompyuta ikinasa, na baada ya hapo nyingi zilikatika au zikaota ukungu, tukazitupa. Kwa hiyo zile sauti zilibaki mahali pamoja tu, ndani ya mashine ya idara. Nilimwomba tuweke nakala nyingine pembeni. Alinijibu mnajua nini.

Mimi ndiye niliyezicheza. Hivyo ndivyo nilivyomsikia mama.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili wa kazi. Mama alikuwa amefariki miaka sita kabla. Nilikuwa nimeinama nafunga waya wa spika, sisikilizi kwa makini, na mwimbaji wa tisa akaanza kuimba wimbo wa kupepeta. Mkono ukasimama. Niliujua wimbo, lakini nyimbo hizo huimbwa na wengi, nikajiambia ni mwingine. Kisha katikati akakohoa, akaacha kuimba, akasema kwa ukali: "Wewe kuku, nani amekukaribisha?" Akacheka, akaendelea pale alipoachia. Hapo sikuwa na shaka. Tulikaa Ngoliba na mama alisema na kuku maisha yake yote.

Sikumwambia Mwalimu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na sipati jibu moja. Nilikuwa mgeni kazini, nikaogopa kuonekana kama mtu anayedai kitu. Niliogopa pia angenisimamisha mbele ya darasa, huyu hapa mtoto wa mwimbaji wa tisa, semeni amina. Na tena nilikuwa nimeridhika. Kila muhula, wiki ya pili, Mwalimu alifika kwenye nyimbo za kupepeta, nami nikasimama kando ya spika, nikamsikia mama akimfukuza kuku. Wanafunzi walicheka kila mara. Nilipenda wanavyocheka. Nilijiambia hiyo inatosha, mara mbili kwa mwaka, kama wengine wanavyokwenda kaburini.

Ugonjwa ule wa corona ulipofunga shule, masomo yote yakahamia mtandaoni, na hapo ndipo kila mtu alipopotea, mimi wa kwanza. Sebule ilikuwa imehamia barabarani. Tukaambiwa tuweke masomo kwenye tovuti ya chuo. Ofisi moja ikasema tovuti ina neno la siri, kwa hiyo ni sawa na darasa. Ofisi ya pili ikasema si sawa, kwa sababu mwanafunzi anaweza kushusha akaenda nayo. Maktaba ikasema kipande kifupi kinaruhusiwa. Nikauliza kifupi ni kiasi gani, wakasema inategemea. Inategemea nini? Inategemea kipande.

Nilikuwa namrekodi Mwalimu akifundisha darasa tupu. Alipocheza wimbo wa mtu mwingine ndani ya somo, niliambiwa nikate wimbo nibakishe maneno yake. Mpaka leo masomo hayo yapo. Anasema "sikilizeni anavyoingia hapa," halafu kimya kirefu, halafu anasema "mmesikia?"

Tulirudi madarasani, lakini vitu vilibaki kwenye tovuti. Miaka ikapita. Mwishowe mhadhiri mmoja, sitamtaja, akaweka filamu nzima ya watu, na wenyewe wakaandika barua kali. Chuo kikaogopa. Likatoka agizo: kila kilichoko kwenye mashine na tovuti kiwe na karatasi ya ruhusa, na kisichokuwa nayo kifutwe. Kila idara ikapewa mpaka Jumanne saa sita mchana.

Aliyesaidia kuandika agizo hilo ni Mwalimu mwenyewe. Walimwita kwenye kamati kwa sababu hakuna aliyeyajua mambo hayo kama yeye.

Asubuhi hiyo tulikaa ofisini kwake, yeye anasoma orodha, mimi kwenye mashine. Ile picha ya mananasi ilikuwa na karatasi, ikabaki. Kulikuwa na filamu tatu ambazo hatukuwahi kujibiwa, nikafuta. Tukaenda hivyo, kitu kwa kitu, bila maneno mengi, mpaka akafika ukurasa wa mwisho.

"Ngoliba," akasema. "Kumi na mbili."

Nikalifungua faili lao kwenye kioo.

"Karatasi zilioza," akasema.

"Mimi ndiye niliyezianika."

"Na wenyewe?"

"Nadhani wengi wameshatangulia, Mwalimu."

Akaifunga orodha. Kisha akatoa shingoni ile flash yake nyekundu, ambayo sikuwahi kumwona bila hiyo, akaiweka mezani karibu na mkono wangu. Akasimama.

"Naenda kutafuta chai," akasema, akatoka na kufunga mlango.

Chai ilikuwa mezani. Alikuja nayo kila siku kutoka nyumbani, kwenye flaski ya kijani, na ilikuwa imejaa. Katika miaka kumi na miwili hakuwahi kwenda kutafuta chai.

Mtu mwingine angeelewa mara moja. Mimi niliitazama flaski, nikaitazama flash, nikajiambia huyu mama amechoka, amesahau. Nilikuwa nimefunzwa na yeye mwenyewe. Kama kuna kitu kimoja nilikijua duniani ni kwamba nakala ya pili ina miguu. Nikacheza mwimbaji wa tisa mara moja, nikasikiliza mpaka kwa kuku na kidogo baada ya kuku. Kisha nikafuta wa kwanza, wa pili, wa tatu, nikafika kumi na mbili. Agizo lilisema na pipa la mashine, kunakobaki vilivyofutwa, pia limwagwe, nikalimwaga.

Alirudi baada ya muda mrefu. Hakuwa na chai.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Zote?"

"Zote, Mwalimu."

Akachukua flash, akaichomeka yeye mwenyewe, jambo ambalo kwa kawaida aliniachia mimi. Akaifungua. Vilikuwemo vitu vyake vya zamani, basi. Alikitazama kioo cha kompyuta kwa muda mrefu.

"Wewe ni mtu mwaminifu, Fundi," akasema. Alilisema kama mtu anavyomwambia mwenzake kwamba ana homa.

Muhula ule aliufundisha bila zile sauti. Wiki ya pili ilikuwa imeshapita, kwa hiyo wanafunzi hawakujua wamekosa nini. Likizo ilipofika alianza kuumwa, na hakurudi.

Nilikwenda kumwona mwezi wa saba, Jumapili, baada ya kanisa. Mpwa wake ndiye aliyenifungulia, akanipeleka nyuma ya nyumba. Mwalimu alikuwa ameketi juani, blanketi magotini, amekonda, maua ya watu yamemzunguka pande zote. Yale mawaridi ya Ruiru yalikuwa yamepanda mpaka dirishani.

"Fundi. Umekuja kuona kama nimepona ama kama nimekufa?"

"Kuona tu, Mwalimu."

"Bado niko katikati."

Tuliongea habari za chuo. Nilikuwa nimejiapiza njia nzima kwamba nitasema, na nilipoona anaanza kufumba macho nikaona nikingoja zaidi sitasema tena.

"Mwalimu, yule mwimbaji wa tisa."

"Yule wa kuku."

"Ni mama yangu."

Akafungua macho. "Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe, Mwalimu."

Alicheka, na kicheko kikamletea kikohozi, tukangoja kipite. Kilipopita hakuwa akicheka.

"Ulijua lini?"

"Mwaka wa pili wa kazi."

"Na siku ile tukifuta, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Nilienda Ngoliba," akasema polepole. "Wiki mbili kabla ya ile Jumanne. Nilizunguka huko na hii miguu nikiuliza kama kuna mtoto yeyote wa wale akina mama. Shamba limekatwakatwa plot, watu ni wageni. Nikapewa soda, nikarudi. Haki haizikwi na mwenyewe, Fundi. Inabaki kwa watoto wake. Wewe ungeandika karatasi ukatia sahihi, na mama yako angebaki. Ulikuwa na kalamu?"

"Ilikuwa mfukoni."

"Ngai, Mungu wangu."

"Sikujua, Mwalimu. Nilidhani ruhusa ni ya aliyeimba, na akifa imekwisha."

"Lakini kwa nini hukuniambia?"

Nikamweleza yale niliyoyaandika hapo juu, la kuogopa kudai, la kusimamishwa darasani, na la kuridhika. Alisikiliza. Kisha nikasema neno ambalo sikulipanga, na sikulisema kwa ubaya.

"Na wewe pia hukuniuliza kwetu ni wapi."

Alitazama maua. "Miaka kumi na miwili," akasema. "Nimeandikia watu barua mpaka ng'ambo."

Mpwa wake akaleta uji. Alipoondoka, nikauliza kile kingine.

"Ile flash. Uliniachia mimi nichukue zile sauti, ama ulitaka nikuchukulie wewe?"

Alikoroga uji, akaweka kijiko.

"Hata mimi sijui," akasema. "Nilitaka tu nisiwe ndani ya chumba."

Nimekuwa nikilirudia jibu hilo. Kuna siku namwona mkubwa kwa kulisema, na kuna siku namkasirikia, halafu nakumbuka kidole kilikuwa changu.

Alimwita mpwa wake amletee faili la kijani kutoka chumbani. Ndani mlikuwa na zile fomu zake za ruhusa, tupu. Akachukua moja, akaiweka juu ya blanketi, akanyoosha mkono nimpe kalamu.

"Ya nini, Mwalimu? Sauti haipo."

"Ulishaniona nikiacha kuomba kwa sababu kitu hakipo?"

Sikulielewa swali. Bado silielewi.

"Jina la mwimbaji," akasema.

Nikalitaja jina la mama, majina yote matatu. Aliandika kwa herufi kubwa. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone akiandika jina pale palipokuwa na nambari.

"Itumike wapi?"

"Darasani."

"Na mtandaoni?"

Nilifikiri kweli, kana kwamba kitu kipo. Nikamwona mama dukani ananunua chumvi, anajisikia kwenye redio.

"Hapana," nikasema. "Darasani tu."

"Darasani tu," akaandika.

Akanipa kalamu, nikatia sahihi chini ya neno mrithi. Akaivuta karatasi karibu na macho, akaikagua kama alivyokagua zote, kisha akanirudishia.

"Umesahau tarehe."

"Niweke ya leo, ama ya kabla ya ile Jumanne?"

"Weka ya kweli, Fundi."

Nikaweka ya siku hiyo.